Kigelegele Kilichokatika

Katika wimbo wa Mzee Mayala Shimba uitwao "Mgeni wa Jioni", baada ya ubeti wa pili, kuna mwanamke anayepiga kigelegele. Hajulikani ni nani. Anaanza vizuri, anapanda, halafu ghafla sauti inakatika kama redio iliyoishiwa betri. Panapita kitambo cha zeze peke yake. Kisha kigelegele kinarudi, juu zaidi ya pale kilipoachia, na kinamalizia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wimbo huo ulirekodiwa na watu wa redio uwanjani Usagara, miaka ile ambayo redio ilikuwa moja na kila mtu aliisikiliza, atake asitake. Tangu hapo hakuna harusi ya kuanzia Magu hadi Sengerema ambayo kigelegele hakikatwi hivyo katikati. Hata wasichana ambao wakati ule walikuwa hawajazaliwa wanakikata. Mtangazaji mmoja aliwahi kueleza hewani kwamba mkato ule ni mtindo wa kale wenye maana nzito, na maana yenyewe akaitaja.

Sabina Chenge, mshona mapazia wa Mabatini, mjini Mwanza, alisikia maelezo hayo akiwa na pini mdomoni, nusura azimeze. Mkato ule hauna maana yoyote. Shangazi yake alimziba mdomo, basi.

Wasukuma tangu zamani wana ngoma za pande mbili, Bagika na Bagalu. Mtu hachagui upande. Anazaliwa nao kama anavyozaliwa na pua ya babu yake. Siku ya mashindano pande zote mbili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na hakuna mwamuzi. Watazamaji wanahama huku na huko, na upande utakaobaki na watu wengi jua likizama ndio ulioshinda. Kwa utaratibu huo kila mguu ni kura. Kigelegele cha mwanamke ni zaidi ya kura, maana huwafanya walio upande wa pili wageuze shingo waone kuna nini, na shingo ikishageuka miguu haiko mbali.

Ukoo wa Chenge ni Bagalu wa kutupwa. Baba mkubwa wa Sabina ndiye aliyekuwa kiongozi wa ngoma yao, na siku hiyo Usagara walikuja na chatu mzima, wa kuvikwa shingoni. Upande wa Bagika ngoma zilikuwa zimelegea ngozi, zikawekwa karibu na moto zikauke, na katika kuziba pengo wakamsimamisha kijana mwembamba mwenye zeze, aliyeimba amefumba macho kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Huku chatu, kule kijana huyo. Yalikuwa mashindano ambayo mtu mwenye akili angeyaacha nusu akaenda kunywa uji.

Sabina alikuwa msichana wa shule, amebeba ndoo ya maji ya wachezaji wa kwao. Alipita karibu na yule kijana, akapunguza mwendo, akasimama, akatua ndoo. Ubeti wa pili ulipokwisha, mdomo wake ulifunguka wenyewe. Shangazi Odeta, aliyekuwa nyuma yake, alifanya ambacho Mgalu yeyote angefanya. Sabina akajinasua, akamalizia. Shingo zikageuka, miguu ikafuata, na Bagalu wakashindwa mbele ya chatu wao wenyewe. Baba mkubwa, mpaka anaingia kaburini, alisema hakushindwa na Bagika. Alishindwa na mdomo wa nyumbani kwake.

Hiyo ndiyo hadithi ya Sabina, na ilikuwa na kasoro moja tu: hakuna aliyeiamini.

Si kwamba Sabina ni mtu wa kutia chumvi. Ni mjane aliyepita hamsini, aliyemlea binti yake Precious na watoto wa ndugu zake wawili kwa cherehani moja, na sifa yake kubwa mtaani ni kwamba akisema pazia litakuwa tayari Alhamisi, linakuwa tayari Alhamisi. Mafundi wenzake wanaona tabia hiyo inaharibu soko. Nusu ya madirisha ya Nyamagana yamevaa kazi yake, na hajawahi kushona jina lake kwenye upindo wa pazia lolote, ingawa wapo wanaofanya hivyo. Alichokitaka kiwe chake hapa duniani ni kile kigelegele tu. Hicho ndicho kitu pekee alichowahi kukifanya bila kuagizwa, bila kupimwa na bila kuambiwa kiwe cha rangi gani, na kimeishi kuliko mapazia yote.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba mwenyewe hakikati. Hakukusudia kukikata siku ile, na hajaona sababu ya kuanza. Katika kila harusi kigelegele chake kinakwenda moja kwa moja, na kila harusi kuna binti mmoja mwenye huruma anayemsogelea kumwelekeza: "Mama, pale katikati unatakiwa ukate kidogo."

Hayo yote aliyajua Mwalimu Prudencia Ishengoma, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye hakuamini hata moja. Mwalimu ni Mhaya, mstaafu wa somo la historia, na kustaafu hakujamfanya aache kusahihisha. Jioni hukaa kwenye kibanda cha Sabina na kikombe cha chai, pamoja na Dorcas mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara, na hapo mambo ya dunia hupitiwa moja baada ya jingine. Suala la kigelegele lilikuwa limepitiwa mara nyingi. Msimamo wa Mwalimu haukubadilika: kila mwanamke wa Kisukuma mwenye umri wa kutosha anadai kigelegele kile ni chake, mmojawapo ni mwanakwaya mwenzake wa parokiani ambaye hata mluzi hawezi; na ushahidi wa mdai mwenyewe hauwezi kuwa ushahidi. Kuna kipengele pia kilichomkera kitaalamu. Sabina alipofika kwenye kujinasua, alipita haraka.

"Ulijinasua vipi?" Mwalimu alikuwa akiuliza.

"Nilijinasua tu."

"Mkono wa mtu mzima, umekuziba mdomo, ukajinasua tu."

"Mwalimu, kunywa chai."

Shahidi mwingine alikuwa mmoja, Shangazi Odeta mwenyewe, aliyevuka themanini na bado analima Usagara. Mwalimu, kwa kupenda haki, aliwahi kumtafuta kwenye msiba mmoja wa ukoo na kumuuliza uso kwa uso. Bibi alimtazama bila kupepesa. Alisema juma lile la mashindano familia nzima ilikuwa Geita, kwenye mazishi ya shemeji. Hawakuwepo. Kama kuna mtu alipiga kigelegele, hao ni Bagika wenyewe kwa wenyewe, ndiyo kawaida yao.

Sabina hakumlaumu. Kwa shangazi yake, kukiri kwamba mtoto wa Chenge aliwashangilia Bagika lilikuwa jambo zito, na kukiri mbele ya Mhaya lilikuwa zito zaidi.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba Mzee Mayala Shimba angefanya onyesho Jumapili alasiri, bustanini, kwenye hoteli moja ya ufukweni upande wa Capri Point, marafiki hao watatu walielewana kwa maneno machache. Wangekwenda. Onyesho likiisha, Sabina angemfuata mzee na kumwambia. Mzee akimtambua, Mwalimu angekubali, tena hadharani, kibandani, mbele ya wateja.

"Na asiponitambua?"

"Asipokutambua, Mama Precious, hadithi hiyo tuizike. Tusiisikie tena. Nakuomba kama rafiki."

Sabina alikata uzi kwa meno, akasema sawa. Dorcas, ambaye hakuwa na msimamo ila alikuwa na simu mpya, aliahidi kurekodi kila kitu.

Kikwazo kilikuja Ijumaa, kikiwa na begi la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Shangazi Odeta alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho wiki chache nyuma, na daktari alimtaka arudi mjini kuangaliwa. Jicho lilikuwa limepona vizuri mno. Aliona vumbi juu ya kabati, akaona mvi za Sabina, akaona tangazo la onyesho likiwa limebandikwa ukutani kwa sindano.

"Huyu si yule kijana wa zeze?"

Sabina alikiri kuwa ndiye. Alijieleza haraka: ni marafiki zake ndio waliotaka kwenda, na kama shangazi hapendi, basi atabaki naye nyumbani. Alikuwa akisema hayo huku akiichomoa sindano ukutani.

"Nitakwenda," bibi akasema. "Nataka kuona alivyozeeka."

Jumapili Dorcas aliwapakia wote kwenye kigari chake. Getini mlinzi aliwaambia kwamba vyakula vya nje haviruhusiwi. Shangazi Odeta akafungua begi, akamwita mlinzi mjukuu wake, akamuuliza kwao wapi, akampa mchembe mmoja auonje. Begi likapita, na mlinzi akabaki anatafuna kwa mawazo. Bustani ilikuwa imejaa kuliko walivyotarajia: watu wa benki na miwani ya jua, wazee waliovuka kwa kivuko kutoka Kamanga wakiwa na makoti yao mazuri, vijana wa chuo waliokuja kuona asili yao kabla haijaisha. Pembeni, kwenye nyasi zilizokatwa kwa mashine, walisimama kongoti wawili, wale ndege warefu wenye vipara, wametulia kama wazee wa kanisa waliokuja kukagua ujenzi.

Shangazi alichagua kiti, akajifunika kitenge, na mikono yote miwili akaifungia ndani.

"Unasikia baridi, Bibi?" Dorcas akauliza, maana jua lilikuwa kali.

"Hapana. Sitaki mtu aje kusema nilipiga makofi."

Mzee Mayala alitoka huku mshereheshaji akiwa bado anatafuta kipaza sauti chake. Hakusubiri kutangazwa. Aliketi kwenye kigoda, akaegemeza zeze kifuani, akawaambia watu mwadila kama mtu anayeingia uani kwa jirani, na watu wakaitikia kabla hawajajua wanamwitikia nani. Alikuwa na mvi na kitambi kidogo. Jina lake ni simba kwa Kisukuma, na hakuna aliyewahi kumsikia akinguruma.

Alivyoimba ni vigumu kueleza bila kumharibia. Waimbaji wengi sauti zao hukufuata ulipo, zikakutafuta mpaka chooni. Yake ilikaa palepale kigodani, na wewe ndiye uliyesogea. Walioinua mikono kuita wahudumu waliiacha hewani. Mhudumu mmoja alisimama na sinia la sato wa kukaanga akasahau meza ya kulipeleka, na sato yule akapoa taratibu, kwa heshima zote. Kivuko kilipopiga honi kikiondoka, mzee alinyamaza, akakisubiri kimalize, akakiitikia kwa kichwa kama mtu aliyesalimiwa, akaendelea palepale kwenye neno aliloliacha.

Aliimba wimbo wa mtu aliyegombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba kwa nusu ya maisha yao. Sasa jirani amekufa, mpaka umeota magugu, na huyu aliyebaki anaamka asubuhi na hasira zake hajui azipeleke wapi. Mwalimu Prudencia hakijui Kisukuma, hivyo Sabina alimnong'oneza mstari kwa mstari. Ulipofika mstari wa magugu Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. Ilikuwa safi. Dorcas alikuwa analia waziwazi tangu wimbo wa kwanza, ambao ulikuwa wa kuchekesha, na simu yake imeinuliwa juu kama mwenge.

Sabina alimtazama shangazi yake kwa pembe ya jicho. Kitenge kilikuwa kimetulia na uso ulikuwa wa mtu anayesubiri zamu kwa daktari, lakini chini kabisa, ncha ya kandambili ilikuwa ikipanda na kushuka, na haikukosea pigo hata moja. Bibi akaona anaonwa.

"Ganzi," akasema.

Jua lilipoanza kulegea, mzee aliacha kupiga, akafuta uso. Alisema wimbo unaofuata wanaujua, na watu wakaguna kwa raha, maana waliujua. Akasema kuna jambo angependa kulisimulia kwanza. Sabina alikaa wima. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Jumatano, mafupi, ya heshima, yanayoanzia kwenye ndoo ya maji.

"Kila mji ninaokwenda," mzee alisema kwa sauti yake ileile ya wodini, "tukimaliza, anakuja mama mmoja ananishika mkono. Ananiambia, Mzee Mayala, kile kigelegele ni changu. Shinyanga nilimpata. Bariadi nilimpata. Musoma walikuja wawili, ikabidi waamuliwe."

Bustani nzima ilicheka.

"Na mimi nawakubali wote. Ningefanyaje? Nilikuwa nimefumba macho."

Wakacheka zaidi, na Sabina akacheka nao, kwa kuwa ndivyo mtu afanyavyo nyumba yake inapobomolewa na mtu asiyejua ni yake. Maneno aliyoyapanga yaliisha maana hapohapo. Hata kama mzee angemshika mikono yote miwili na kumwita kwa jina, isingekuwa kitu. Angekuwa mama wa Mwanza, baada ya wale wa Musoma. Alitazama ziwa. Alijaribu kuizoea hali ya kutokuwa na hadithi hiyo, kama mtu anavyopapasa kwa ulimi pengo la jino lililong'olewa asubuhi.

Mwalimu Prudencia hakucheka. Kwa miaka yote hiyo alitaka kushinda mjadala huu, na sasa ushindi ulipokuja wenyewe, alionekana kutafuta kitu kwenye mkoba wake na kutokipata.

"Si lazima hadithi iishe leo," alinong'ona.

"Tulikubaliana, Mwalimu."

Mzee akaanza. "Mgeni wa Jioni" ni wimbo mdogo: mwenyeji amefagia uwanja, ameteka maji, anamsubiri mgeni, mgeni haji, inakuja mvua, mwenyeji anaikaribisha mvua, anaiwekea kiti. Basi. Hakuna zaidi ya hapo, na watu wazima wameusikiliza nusu ya maisha yao bila kuumaliza. Ubeti wa kwanza ukapita. Ukapita wa pili. Mzee akalegeza mkono kwenye waya, kama afanyavyo siku zote mahali hapo, awaachie wanawake nafasi.

Wakaipokea. Akina mama wa benki, akina mama wa Kamanga, wasichana wa chuo, wote wakapiga, kigelegele kikapanda kwenye mawe ya ufukweni na kurudi, kongoti mmoja akaruka. Sabina alikuwa ameamua kunyamaza. Lakini mdomo wake hakuwa ameuuliza siku ile, na leo pia haukungoja kuulizwa. Ulifunguka, umechelewa kidogo nyuma ya wengine. Ndipo pakafika pale pa kukata. Wote wakakata kwa pamoja, safi kabisa, kama walivyofundishwa na redio, na bustani nzima ikanyamaza ila zeze na mwanamke mmoja wa Mabatini ambaye hakuwahi kukata, akiendelea peke yake, juu, mbele za watu, kama mtu aliyeingia kanisani na baiskeli.

Kitenge kikafunguka. Mkono ukatoka.

Haukusitasita wala kutafuta njia. Ulikwenda moja kwa moja, wa kulia, kiganja wazi, ukamziba Sabina mdomo kabla mwenye mkono hajageuza hata uso, maana uso wa Shangazi Odeta ulikuwa bado unatazama jukwaani kwa dharau ya kistaarabu. Kigelegele kikakatika. Kikakatika palepale, kama kilivyo kwenye redio, na zeze likabaki peke yake kwa kitambo kilekile.

Sabina hakuuvuta mkono ule kwa nguvu. Aliushika kwa mikono yake miwili, akaushusha taratibu hadi mapajani kwake, akaushikilia hapo. Kisha akamalizia, juu zaidi ya pale alipoachia. Wengine walitakiwa kuingia naye wakati huo. Hakuna aliyeingia. Walikuwa wamegeuza shingo.

Mzee Mayala Shimba, anayejulikana kwa kuimba amefumba macho, alikuwa ameyafumbua. Zeze lilijikwaa kidogo, likasimama, likaendelea na ubeti wa tatu.

Mwalimu Prudencia alikuwa ameshika miwani hewani. Alimtazama Sabina, akamtazama bibi, akautazama ule mkono.

"Mdudu," bibi alisema, bila kuulizwa na mtu. "Alitaka kumwingia mdomoni. Wadudu wa ziwani hawa."

Hapakuwa na mdudu. Mwalimu alitazama kushoto na kulia kwa uadilifu, kama mtu anayetaka kumpa mtuhumiwa kila nafasi. Kisha akamgeukia Dorcas, akamuuliza kwa sauti ya chini kama amepata picha. Dorcas alipangusa machozi, akasema amepata yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Akaifungua wakaitazama. Kamera ilikuwa imegeukia upande wake. Zilikuwa dakika nyingi za uso wa Dorcas akilia, mwanga mzuri, na nyuma yake kwa mbali kongoti akiruka. Sauti ilikuwepo, na kigelegele kilisikika kikikatika. Lakini cha redio pia kinasikika kikikatika. Kuhusu mkono ule, dunia haikubakiwa na kitu kingine ila kile alichokiona mwalimu mmoja mstaafu.

Onyesho lilipokwisha Sabina hakwenda kwa mzee. Alikuwa akikunja kitenge cha shangazi yake alipoona kivuli mezani. Mzee alikuwa amekuja mwenyewe, zeze kwapani, akiwaacha nyuma watu wa picha. Alianza na mkubwa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba," bibi akasema. "Waya wako mmoja umelegea."

"Ni kweli, mama. Mnatoka wapi?"

"Usagara."

Mzee akamtazama vizuri. "Kwa Chenge?"

"Kwa Chenge."

"Mlikuwa na chatu," mzee alisema, na alilisema kwa adabu, kama mtu anavyomtaja marehemu wa mwenzake.

"Tulikuwa naye."

"Mzuri. Ila siku ile alilala."

"Hakulala," Shangazi Odeta akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa sauti yake ilipanda. "Alikuwa ameshiba. Nilimwambia kaka asimpe kuku asubuhi ile, nilimwambia mwenyewe, palepale kando ya gari la redio, akanibishia."

Mwalimu Prudencia alikohoa.

"Bibi, si mlikuwa Geita? Msibani?"

Bibi alimtazama bila kupepesa. "Tulirudi mapema."

Mzee Mayala aliinamisha kichwa, labda kuficha uso. Kisha akampa Sabina mkono, akaukawiza. Sabina aliyatafuta maneno ya Jumatano, hakuliona hata moja.

"Asante kwa wimbo, mzee."

"Nami asante. Leo sikuwa nimefumba macho," alisema, akaenda zake kwa watu wa picha.

Njiani kurudi foleni ilikuwa ndefu, na Dorcas aliendesha kwa mkono mmoja huku akiomba radhi kwa habari ya kamera. Mwalimu alikaa mbele akifuta miwani mpaka walipopita katikati ya mji. Hapo aligeuka kitini, akaiweka sawa miwani, na kwa sauti aliyowahi kuitumia kusoma matokeo ya mitihani akamwambia Sabina kwamba kesho jioni atakuja kibandani mapema, wakati wateja wapo. Atakuwa na neno la kusema. Na angependa hadithi ile isimuliwe tena tangu kwenye ndoo, taratibu, maana kuna sehemu alizisikiliza kwa uvivu.

Sabina alisema karibu sana. Alitazama nje, madirisha ya watu yakipita, baadhi akiyajua kwa mapazia yake.

Shangazi Odeta alikuwa akichambua michembe iliyobaki begini. Alimpa Sabina mmoja, akachukua wake, akatafuna kwa muda mrefu kama watu wa umri wake wanavyotafuna. Halafu akaunyoosha mkono wa kulia mbele ya jicho lake jipya, akaugeuza, akaukagua pembeni ya kiganja, chini ya kidole kidogo.

"Safari hii," alisema, "hukuning'ata."

Kitini mbele, Mwalimu Prudencia aligeuka kutazama barabara.